Utumbo wa Unga

Jumapili saa tatu usiku, sare zishapigwa pasi, binti yangu wa Gredi ya Nne akaja akasimama mlangoni mwa jikoni. "Baba, kesho tunatakiwa tupeleke mfumo wa kusaga chakula." Utadhani nimeuweka mmoja kabatini.

Basi tukakanda unga wa ngano. Umio ukawa mrija wa soda, tumbo likawa chupa iliyokatwa nusu, na utumbo mwembamba ukawa uzi mrefu wa unga aliousokota yeye mwenyewe hadi ukakatika. Ulipokatika ndipo akauliza: kwani wa kweli una urefu gani? Nikatoa tepu yangu ya kazi. Kwa mtu mzima ni kama mita sita. Tulianza kwenye sinki, tukatoka nje, tepu ikaishia mlangoni kwa jirani. Mtoto akaangalia tumbo lake, akaangalia koridoo, akanyamaza. Kufikia saa nne na nusu alikuwa ananieleza chapati inapita wapi na inatoka ikiwa nini, sehemu ya mwisho akiisimulia kwa raha isiyo na adabu hata kidogo.

Jumatatu jioni alirudi na alama ya "kukaribia matarajio". Mwenzake wa ploti ya pili alipewa "kuzidisha matarajio" kwa mfano wa sponji, umepakwa rangi, majina yamechapishwa kwa kompyuta. Mamake aliununua mia tatu kwenye saiba ya hapo steji. Saiba hiyo siku hizi ina rafu nzima: figo, moyo, volkano.

Mimi nilipitia chuo cha ualimu kabla ya kukimbilia vipuri vya magari. Falsafa ya Elimu niliikariri yote: udhanifu, uhalisia, pragmatizimu, kila moja na mbinu zake za kufundishia. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, anasema mtoto hujifunza kwa kutenda. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, anakataa mwanafunzi kufanywa benki ya mwalimu kuwekea amana. Tulikesha tukimeza, tukayatapika kwenye karatasi ya mtihani, tukapita. Hakuna aliyecheka.

Sasa huu mtaala wetu wa umilisi, CBC (sawa, siku hizi CBE, mnisamehe), ni mjukuu wa Dewey, hilo halina ubishi. Lakini Dewey hakuanza na manila na gundi. Shule yake ya majaribio kule Chicago ilifunguliwa 1896 na watoto 16, walimu 2. Kufikia 1902 watoto walikuwa 140 na walimu 23, yaani mwalimu mmoja kwa watoto sita. Darasani kwa binti yangu wako 67, na mwalimu ni mmoja. Mama wa watu ataona saa ngapi nani alikanda na nani alinunua? Anachoona ni kilicho mezani, na kilicho mezani ni bidhaa. Kumbe falsafa yenyewe ilikuwa pale utumbo ulipokatika! Ilikuwa kwenye swali, kwenye tepu, kwenye koridoo. Zile mita sita hakuna aliyeziuliza. Tumeleta nguo za Dewey tukamvisha yule yule mwalimu wetu wa zamani wa kujaza debe, tofauti ni kwamba siku hizi debe linajazwa na mzazi, usiku, kwa pesa zake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sililii mfumo wa zamani wa 8-4-4. Mimi nilichapwa kwa kuuliza. Huyu wangu anamkatiza hata mchungaji. Anayesema tatizo ni vitabu kuchelewa, sawa. Anayesema wazazi wa Nairobi tumezoea kununua kila kitu, pia sawa, na nimeumia.

Ila tukimaliza kunukuu wa mbali, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na Odera Oruka, profesa wa falsafa aliyewafuata wazee wenye hekima huko vijijini, akawauliza maswali, akakaa akasikiliza majibu. Hiyo nayo ni mbinu, na haihitaji gundi.

Utumbo wetu uko juu ya friji, umekauka na kupasuka. Shosho alipokuja juzi alielezwa safari nzima ya chapati, mara mbili, na akaacha kula.

Nikiwa naandika hapa, ujumbe umeingia kwenye grupu ya wazazi: Ijumaa kila mtoto alete mche wa sukuma wiki kwenye mkebe, uwe umeshaota majani manne. Leo ni Jumatano.