Marufuku ya nyasi za urembo Las Vegas: tulicheke jiji, ila tupige hesabu kwanza

Ni rahisi kuucheka mji wa Las Vegas. Mji wa kasino, wenye chemchemi zinazorushwa juu kwa muziki mbele ya hoteli, uliojengwa jangwani penye mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka, sasa unajitangaza kuwa unaokoa maji kwa kung'oa nyasi za kando ya barabara. Wanaouona ni usanii mtupu hawakosi hoja, na nyingine ni nzito. Lakini wengi wao wanahukumu kabla ya kujua maji ya mji ule yanakwenda wapi yakishatumika.

Sheria yenyewe, AB 356 ya jimbo la Nevada ulimo mji huo, ilisainiwa na Gavana Steve Sisolak Juni 2021. Ikifika mwisho wa 2026, maji ya Mto Colorado hayaruhusiwi tena kumwagilia nyasi zisizo na kazi kwenye maeneo ya biashara, majengo ya serikali, nyumba za kupanga zenye familia nyingi na sehemu za pamoja za mitaa inayoendeshwa na jumuiya za wenye nyumba. Bustani ya mtu binafsi nyumbani kwake haiguswi. Viwanja vya michezo, bustani za umma na makaburi vimeachwa. Kinacholengwa ni ule ukoka wa katikati ya barabara, wa kwenye mizunguko ya magari, wa ukanda mwembamba baina ya maegesho na njia ya miguu. Kwa kipimo kinachorudiwa sana kule, ni nyasi ambazo hakanyagi mtu isipokuwa yule anayesukuma mashine ya kuzikata.

Sasa hesabu. Nevada imegawiwa futi-ekari 300,000 za Mto Colorado kwa mwaka, yaani mita za ujazo milioni 370 hivi, na mgao huo umebaki vilevile tangu enzi ambazo Las Vegas ilikuwa kijimji cha reli. Karibu asilimia 90 ya maji ya bonde la Las Vegas hutoka humo, kupitia Ziwa Mead, ambalo ni bwawa la mto huohuo. Ila kipimo cha mgao hakiangalii maji yaliyochotwa, kinaangalia maji yasiyorudi. Maji ya bafuni, ya jikoni, ya chooni, ya kufulia mashuka ya hoteli, karibu yote huingia kwenye mabomba ya majitaka, husafishwa, kisha hushuka kwa mkondo uitwao Las Vegas Wash na kurudi ziwani. Kila lita inayorudi inaruhusu lita nyingine kuchotwa. Mgeni anayekaa bafuni nusu saa kwenye hoteli ya kifahari hapunguzi mgao kwa kiasi cha kutisha. Kinyunyizio kinachotema maji saa nane mchana kwenye ukanda wa nyasi nyuma ya benki ndicho kinachoupunguza, kwa kuwa yale maji yamepaa angani na hayarudi.

Ndiyo maana simwelewi anayesema wangeanza na wageni wa kasino wakaziacha nyasi. Hata zile chemchemi maarufu za Bellagio hazitumii maji ya Colorado. Zinalishwa na kisima kilichokuwa kikimwagilia uwanja wa gofu uliokuwepo pale kabla.

Mita moja ya mraba ya nyasi katika bonde lile hunywa karibu lita 3,000 kwa mwaka. Zirudie tena: lita elfu tatu, kwenye eneo ambalo huwezi hata kutandika mkeka wa watu wawili. Bustani ya mimea ya jangwani inayonyweshwa kwa matone hutumia kama lita 730 kwa eneo hilohilo. Tofauti ni lita zaidi ya 2,200, kila mwaka, kwa kila mita, na zote ni za yale maji yasiyorudi. Mamlaka ya Maji ya Kusini mwa Nevada imekuwa ikilipa watu tangu 1999 ili wang'oe nyasi kwa hiari, na zimeondoka zaidi ya mita za mraba milioni 18. Mwaka 2002 Nevada ilitumia zaidi ya mgao wake. Mwaka 2022 ilitumia takriban robo tatu tu, na hapo katikati wakazi walikuwa wameongezeka kwa mamia ya maelfu. Kuondoa nyasi zinazolengwa na sheria mpya kunakadiriwa kuokoa kitu kama asilimia 10 ya mgao mzima.

Wapinzani wa kwanza watauliza: na mashamba je? Wana haki ya kuuliza. Wilaya moja tu ya umwagiliaji, Imperial kule California, ina haki ya futi-ekari milioni 3.1 za mto huohuo kwa mwaka, zaidi ya mara kumi ya mgao wa jimbo zima la Nevada, na sehemu kubwa huotesha majani ya kulisha mifugo. Mbele ya hayo, nyasi za nyuma ya benki ni tone. Lakini Las Vegas haina mamlaka juu ya shamba la California. Ina mamlaka juu ya mizunguko yake ya barabara. Na siku majimbo yakikaa mezani kugawana upungufu, kama ilivyolazimu baada ya serikali kuu kutangaza uhaba kwa mara ya kwanza Agosti 2021, anayekuja akiwa ameshajifunga mkanda huongea kwa sauti tofauti na anayekuja na ukoka wake barabarani.

Hoja ya pili ndiyo inayoniumiza kichwa: miti. Miti mingi ya mji ule iliota ikitegemea vinyunyizio vya nyasi, mizizi yake ikiwa juujuu, pale pale maji yalipokuwa yakimwagwa. Ukizima vinyunyizio bila kuufungia kila mti mpira wake wa matone, mti unakauka polepole: majani yanaanza kuungua kingoni, kisha matawi ya juu, na baada ya msimu au miwili anaitwa mtu wa msumeno. Haya yanatokea kwenye mji uliofikisha nyuzijoto 48.9 tarehe 7 Julai 2024, na ambao kaunti yake, Clark, ilihesabu vifo zaidi ya 500 vilivyohusishwa na joto mwaka huohuo. Kivuli pale ni uhai wa mtu anayesubiri basi.

Watetezi wa sheria hujibu kwamba anayechukua ruzuku analazimika kupanda mimea itakayofunika nusu ya eneo ikikua. Ni kweli, ila mti mchanga unahitaji miaka mingi kutoa kivuli cha ule uliokatwa, na si kila mwenye jengo hujisumbua. Kokoto tupu ni rahisi zaidi. Nyasi bandia, ambazo jua la mchana huzipasha hadi mguu mtupu haukanyagi, ni mbaya kuliko kokoto.

Hapo ndipo naona kasoro ya sheria, na inakwenda sambamba na nyingine. Mwenye nyumba yake ana nyasi uani na hakuna anayemgusa, ingawa tangu 2023 akizidisha matumizi analipa tozo kali. Mpangaji wa jengo la ghorofa ndiye anayepoteza kipande cha kijani alichokuwa nacho, na hakuulizwa. Ruzuku inalipwa kwa mita ya nyasi iliyoondolewa, inakwenda kwa mwenye jengo, na joto linabaki na mpangaji.

Bado sioni sababu ya kuirudisha sheria nyuma. Nyasi si lazima ziwepo ili mti uishi. Mti mmoja unaonyweshwa kwa matone shinani unatumia sehemu ndogo tu ya maji yaliyokuwa yakimwagwa kwenye zulia zima la ukoka linalouzunguka. Aliyeandika sheria alijua kuhesabu nyasi. Angeongeza sharti moja, kwamba kabla ya kinyunyizio kuzimwa kila mti uliopo uwe na mpira wake na mtu wa kuukagua, nusu ya kelele za leo zisingekuwepo.

Na kwa sisi tunaosoma haya Dar es Salaam au Nairobi, tahadhari kabla ya kunakili. Hesabu ya Las Vegas inasimama kwa sababu maji ya ndani yanarudi. Kwenye miji ambayo nyumba nyingi zinamwaga kwenye shimo la choo, hakuna lita inayorudi kwenye chanzo ili ichotwe tena. Ya bafuni na ya bustanini yote yameondoka. Halmashauri itakayopiga marufuku ukoka huku bomba kuu likivuja mtaani itakuwa imechukua jibu la watu wengine bila swali lao.