Sikutia sahihi karatasi ya kuzuia msikiti

Jumapili iliyopita, hapa Moshi, baada ya ibada ya pili, tulikuwa bado nje kwenye mnada wa sadaka za mazao. Nilikuwa nimepata mkungu wa ndizi mshare na natafuta bodaboda wa kunipelekea nyumbani. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, akanivuta pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada yangu. Hebu weka jina lako na namba ya simu hapa. Ni lile suala la msikiti."

Ilikuwa karatasi ya daftari iliyopigwa mistari kwa rula. Majina yalishafika 38. Juu kabisa waliandika kwamba sisi wakazi wa mtaa huu hatuna ugomvi na dini yoyote na Katiba tunaijua, ila tunaomba hisia zetu ziheshimiwe na msikiti utafutiwe eneo jingine.

Nilishika kalamu. Mzee ananitazama, mkungu uko miguuni, wenzangu wa kwaya wananiita, na jambo lenyewe likaonekana dogo: jina tu. Kilichonizuia ni jina namba 7. Ni la kijana ambaye baba yake tulimzika mwaka jana, katikati ya masika. Ng'ombe wa msiba ule na mbuzi wawili walichinjwa na babu mmoja Mwislamu wa hapa mtaani, kama anavyotuchinjia kwenye misiba na harusi zetu karibu zote, ili kila anayefika aweze kula. Alikuja alfajiri kwenye tope, kisu kimeviringishwa kitambaani. Hakupokea hata shilingi. Alikaa turubaini na wazee wenzake mpaka usiku. Babu huyo ndiye anayewaongoza wanaoomba kujenga msikiti, na kijana aliyempoteza baba ndiye namba 7.

Nilimrudishia mzee karatasi yake. Akaniambia, "Fikiria vizuri, dada, halafu utanijibu." Nimefikiria wiki nzima, na jibu ni hili.

Kiwanja hakikuvamiwa. Kimenunuliwa, kina hati, na tangazo la kubadili matumizi kutoka makazi kwenda ibada limebandikwa ofisi ya mtaa kila mtu akaliona. Kwa sasa wanaswali kwenye chumba nyuma ya duka. Ijumaa wanafurika hadi barazani, viatu vimepangwa juu ya gunia, na mvua ikinyesha wa nje wanalowa. Nalijua hilo kwa sababu dirisha langu la jikoni linatazama huko.

Sasa niseme na la kwetu. Miaka 14 iliyopita tulijenga kanisa letu hapa mtaani kwenye kiwanja cha makazi vilevile, na mimi nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Hakuna aliyetuuliza kuhusu hisia za jirani yeyote. Maji ya kuchanganyia zege tuliyavuta kwa mpira kutoka bomba lililoko uani kwa babu huyohuyo, miezi mitatu mfululizo, na bili alikuwa analipa yeye mpaka mchungaji alipogundua. Kwa hiyo nikisoma Ibara ya 13 ya Katiba inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na Ibara ya 19 inayompa kila mtu uhuru wa imani, sioni maneno ya wanasheria. Naona ule mpira wa maji ukipita chini ya ua.

Kwenye kikao cha mtaa cha mwezi uliopita hoja zilikuwa nyingi. Mmoja aliuliza, kwani Waislamu wa hapa ni wangapi? Nchi hii haijauliza dini ya mtu kwenye sensa tangu 1967, na hatujawahi kupewa haki zetu kwa kuhesabiwa vichwa. Mwingine akasema baa ya kitimoto itafungwa. Babu amepita mbele ya baa hiyo miaka 20, anasalimia, anakwenda zake. Mwingine akasema kuna pesa za Waarabu. Kengele ya kanisa letu ilitoka Ujerumani, na siku ilipofika tuliipokea kwa vigelegele.

Halafu akasimama mama mmoja, akasema neno moja: Olasiti. Ukumbi mzima ukanyamaza.

Hapa sitapita haraka, kwa sababu Olasiti si hoja ya kuokotwa barabarani. Tarehe 5 Mei 2013, Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi pale Arusha ilikuwa inazinduliwa. Balozi wa Papa alikuwepo. Watu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Bomu likarushwa katikati yao, watu watatu wakafa na makumi wakajeruhiwa. Mama yangu mdogo aliolewa kwa Wakatoliki wa Kibosho na anaishi Arusha. Siku ile alikuwa pale nje na watoto. Mpaka leo baluni likipasuka kwenye sherehe anashika ukuta. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mimi sijui hisia ni nini.

Lakini tazameni kilichotokea pale. Watu walishambuliwa siku ya kufungua nyumba ya sala. Kosa lao lote lilikuwa kukusanyika mahali pao, wakiwa na hati yao na mawe yao waliyochangishana, wamwombe Mungu jinsi wanavyomjua. Anayechukua kifo chao na kukifanya sababu ya kuwazuia watu wengine wasifungue nyumba yao ya sala anawafanya nini marehemu wale? Anasimama upande gani wa siku ile? Mimi nimejaribu kuigeuza hoja hii kila upande, usiku nikiwa sina usingizi, na kila mara naishia mahali pamoja. Babu yetu hakuwepo Olasiti. Hakumtuma mtu. Alichinja mbuzi zetu mwaka ule kama mwaka mwingine wowote. Kumwambia ahamishe msikiti wake kwa sababu ya Olasiti ni kumwambia kwamba kwa jina lake, kofia yake na swala yake, ana sehemu katika damu ile. Hatuthubutu kumwambia hivyo usoni. Ndiyo maana tunaandika "hisia" kwenye karatasi ya daftari.

Na hatujawahi kupimwa sisi kwa kipimo hicho. Hakuna Mkristo wa mtaa huu aliyewahi kuombwa alipie uovu wa Mkristo wa mbali. Tulipojenga, tulikuwa wakazi tu. Wao wakijenga, wamekuwa wawakilishi wa kila Mwislamu aliyewahi kukosea duniani.

Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam, walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Majina yao ukiyasoma ni ya Kiislamu na ya Kikristo yamechanganyika kama majina ya daftari lolote la shule hapa nchini. Bomu halikuwatenganisha.

Kikaoni palikuwa pia na kijana aliyesema kwamba hata Marekani, wanaojidai na uhuru, waliukataa msikiti pale New York, minara ilipoangushwa na magaidi mwaka 2001. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikasoma habari hiyo kwa usiku kadhaa, na sivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2009 mfanyabiashara Sharif El-Gamal na wenzake walinunua jengo la zamani la duka la nguo kwenye barabara ya Park Place, New York, mitaa miwili kutoka lilipokuwa World Trade Center. Paa lake lilitobolewa na kipande cha ndege tarehe 11 Septemba 2001, na tangu hapo duka halikufunguliwa tena. Walitaka kituo cha ghorofa 13, chenye bwawa la kuogelea, ukumbi, mahali pa kuswalia na kumbukumbu ya waliouawa siku ile. Bodi ya wakazi wa eneo hilo ilipiga kura Mei 2010: 29 wakakubali, mmoja akakataa, 10 wakajizuia. Hasira kubwa ilivuma kutoka mbali zaidi. Jirani na kiwanja kile palikuwa na baa na kumbi za wanawake wanaocheza uchi, na hakuna aliyeandamana kwa ajili ya hizo.

Tarehe 3 Agosti 2010 tume ya jiji inayolinda majengo ya kihistoria ilikataa kwa kura 9 kwa 0 kulifanya jengo lile urithi usioguswa, jambo ambalo lingeuzuia mradi. Siku hiyohiyo meya Michael Bloomberg, ambaye ni Myahudi, aliwakumbusha watu wake kwamba zamani Wakatoliki walizuiwa kuabudu katika jiji hilo, na parokia yao ya kwanza haikupatikana mpaka miaka ya 1780. Kanisa la parokia hiyo, Mtakatifu Petro, linasimama mtaa mmoja tu kutoka ilipokuwa minara. Siku kumi baadaye Rais Obama, kwenye futari Ikulu, akasema Waislamu wana haki ileile ya kuabudu kama raia mwingine yeyote. Hakuna sheria wala mahakama iliyoukataa msikiti ule. Uliokufa ni mpango wenyewe, baada ya kelele, na kiwanja kikageuzwa mahali pa ghorofa refu la nyumba za kuuza.

Kilichonigusa zaidi ni shirika moja la Wayahudi, Anti-Defamation League, ambalo kazi yake ni kupinga chuki. Mwaka 2010 lilisema maneno yanayofanana na ya karatasi yetu: haki wanayo, lakini maumivu ya waliofiwa yaheshimiwe, wajenge kwingine. Septemba 2021 mkuu wake, Jonathan Greenblatt, aliandika hadharani kwamba walikosea, akaomba radhi. Miaka 11. Radhi imekuja, msikiti haupo. Nilimfikiria babu, ambaye hana miaka 11 ya kutusubiri tujutie.

Na kwenye minara ile walikufa Waislamu pia. Mmoja ni Mohammad Salman Hamdani, kijana wa miaka 23 aliyezaliwa Pakistani, mwenye mafunzo ya uuguzi wa dharura, aliyekimbilia kule kuokoa watu. Kwa miezi alishukiwa kuwa gaidi, mpaka mabaki ya mwili wake yalipotambuliwa. Mama yake alikuwa mfiwa kama wafiwa wengine. Hisia zake zilihesabiwa upande gani?

Nirudi Moshi. Tunapenda kusema kwamba huku mlimani ni kwa Wakristo, Waislamu ni watu wa pwani. Mimi ni mzaliwa wa Machame, nimelelewa na habari za wamisionari wa Leipzig waliofika kwetu 1893, na najivunia. Lakini mmisionari wa kwanza kuuona mlima huu, Johannes Rebmann, Mei 1848, hakufika peke yake. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani aliyeijua njia. Injili ililetwa kwetu ikiwa nyuma ya Mswahili wa pwani. Mtu anayesema Waislamu ni wageni hapa anaikata historia yake mwenyewe miguu.

Kuna hoja mbili ninazozikubali, ingawa sikupenda namna zilivyoletwa. Ya kwanza ni spika. Mama yangu ana presha na usingizi wake ni wa shida, na adhana ya alfajiri karibu na dirisha lake nitaisikia mimi kabla ya mtu yeyote. Wakubaliane juu ya sauti. Ila makubaliano hayo yatuhusu na sisi, na mikesha yetu ya Ijumaa yenye kinanda mpaka saa kumi usiku, ambayo babu hajawahi kuisemea ofisi ya mtaa. Ya pili ni mfereji unaopita nyuma ya kiwanja. Maji ya kutawadhia na ya vyoo yaende wapi, hilo waonyeshe kwenye ramani, na mhandisi wa manispaa aje alione. Haya ni maswali ya jirani kwa jirani, na unaweza kumuuliza babu hukohuko barazani kwake akakujibu. Hayahitaji majina 38.

Mzee wangu wa kanisa, najua utayasoma haya, mjukuu wako hukusomea. Sikukudharau. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku nilipomzika mume wangu, na sitasahau. Nakuomba jambo moja tu: kabla ya mkutano wa mtaa wa Jumamosi, nenda kwa babu, ukae naye kwenye benchi lake, umsomee ile sentensi ya juu ya karatasi kwa sauti yako mwenyewe. Ukiweza kuimaliza huku unamtazama, basi ilete mkutanoni.

Juzi nilimpigia mama mdogo Arusha. Nilimweleza kila kitu, karatasi, kikao, na jinsi ukumbi ulivyonyamaza neno Olasiti lilipotajwa. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Mwanangu, waambie wasinitaje."

Nikamwambia watu hawatanisikiliza mimi, sikuwepo siku ile.

Mkutano ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ofisi ya mtaa. Mama mdogo amekata tiketi ya basi la kwanza kutoka Arusha. Nitampokea stendi.