Pafu Bora Hutoka kwa Maiti Gani?

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, baada ya isha, kahawa ikizunguka, mzee mmoja aliuliza: mgonjwa akipandikizwa pafu, lipi bora, la aliyekufa ubongo huku moyo ukipiga kwa msaada wa mashine, au la ambaye moyo umeshasimama? Wengi walichagua la kwanza. Kwa ini wana hoja nzuri, kwa kuwa ini huumia haraka damu inapokatika. Pafu lina tabia yake.

Aliyekufa ubongo ndiye mtoaji aliyezoeleka. Damu yake hutembea hadi mwisho, na madaktari hupata muda wa kuyapima mapafu. Lakini ubongo ukifa, mwili humwaga adrenalini kwa wingi, presha hupanda ghafla, na maji huweza kujaa mapafuni. Siku za kukaa kwenye mashine ya kupumulia huleta nimonia. Hata katika nchi zenye uzoefu, mapafu mengi ya watoaji hawa hukataliwa.

Moyo ukisimama, hofu ni zile dakika za joto bila damu. Hapo pafu huviacha nyuma viungo vingine: chembe zake hujipatia oksijeni kutoka kwa hewa iliyomo ndani yake, kwa hivyo likijazwa hewa hustahimili. James Hardy alipopandikiza pafu la kwanza la binadamu, Marekani mwaka 1963, alilitoa kwa mtu aliyekufa kwa maradhi ya moyo. Baadaye madaktari wa Lund, Sweden, na Toronto, Kanada, wakakuza mashine ya kulipumulisha pafu nje ya mwili na kulipima kabla ya kuliamini. Leo wapokeaji wa aina zote mbili huishi muda unaokaribiana. Kasoro iliyobaki ni kwamba mashine inayompumulisha mtoaji ikizimwa, huenda moyo ukachelewa mno kusimama, na mapafu yakapotea.

Jamaa walio hai nao huweza kutoa, kila mmoja sehemu ya chini ya pafu lake. Japani wameifanya kazi hiyo kwa ustadi, ila wazima wawili hupasuliwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja.

Kwetu Waislamu, ubora hautoshi kuamua. Mwaka 1986 mafakihi waliokutana Amman walikikubali kifo cha ubongo kuwa ni kifo cha mtu. Mwaka uliofuata baraza la mafakihi la Makka liliruhusu mashine iondolewe, lakini likataka moyo na pumzi visimame kwanza ndipo mtu ahesabiwe amekufa. Kwa familia inayoshika kauli ya Makka, naona njia ya moyo uliosimama ndiyo ya kuzungumzwa mwanzo, na pafu halipungukiwi kwa hilo. Wapo wanaohofia daktari atazima mashine upesi kwa kutamani kiungo. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu wanaoamua kuzima hawapaswi kuwa wale wanaopandikiza, na Uingereza husubiri dakika 5 baada ya moyo kunyamaza.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamruhusu mtu kuusia viungo vyake hata kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili. Anapousia, awaambie pia jamaa zake kifo kipi anakikubali, kwani wao ndio watakaoulizwa mlangoni mwa wodi ya mahututi.