Nauli nayo ihesabiwe

Nimesoma kwamba maabara binafsi zitaingia ubia na zahanati za vijijini ili vipimo vishuke bei. Sawa, ila mbona nauli haikutajwa? Mama yangu aliandikiwa kipimo cha figo. Kipimo chenyewe kilikuwa nafuu kuliko bodaboda na basi la kwenda wilayani, halafu akaambiwa majibu afuate Alhamisi. Nauli mara mbili! Wenzetu Uganda wana pikipiki zinazopita vituo vya afya kukusanya sampuli na kuzifikisha penye mashine. Damu isafiri, mgonjwa abaki nyumbani. Mashine ya kupima makohozi iitwayo GeneXpert hutoa jibu la kifua kikuu kwa takribani saa 2, lakini makohozi yakilala siku 4 kwenye kikopo huku kwetu, inasaidia nini? Huo mkataba useme mafuta ya pikipiki analipa nani.