Nahodha aondolewe, au tanga likatwe upya?

Mashua ya mashindano ikishindwa mara tatu mfululizo, mabarazani Lamu jina la kwanza kutajwa ni la nahodha. Upepo wa kaskazi ukishaanza, muda ni mfupi: kati ya Tamasha la Utamaduni, ambalo kwa kawaida huwa Novemba, na mashindano ya Mwaka Mpya pale Shela, ni wiki chache tu. Ndipo watu husema ashushwe, kana, yaani mpini wa usukani, apewe mwingine.

Hoja yao ni nzito. Yako makosa ambayo hata fundi hodari wa vyombo wa Matondoni hawezi kuyatengeneza. Mkondo wa maji kati ya Lamu na kisiwa cha Manda una nguvu zaidi katikati, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huzidi. Nahodha anayepanda dhidi ya mkondo kwa kupita katikati, badala ya kubana pembeni maji yalikopungua kasi, anapoteza mwendo hata tanga likiwa jipya. Akibana sana upande wa Manda nako, nchi kavu humkatia kaskazi na tanga hulegea. Kupima mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo kazi yake hasa.

Kosa la pili ni la bisho, yaani kugeuza chombo kinapokwenda dhidi ya upepo. Tanga la mashua haligeuki lenyewe: demani, kamba ya kuvutia tanga, hulegezwa, foromali, mti unaobeba tanga, husimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti, mifuko ya farumi, mchanga wa kukipa chombo uzito, huhamishwa na watu hukimbilia goshini, upande wa upepo. Amri ikitoka chombo kimeshapoteza kasi, omo, sehemu ya mbele, husimama uso kwa uso na upepo, mashua huanza kurudi nyuma, na wenzake wanapita. Nahodha anayechelewa hivyo kila boya, sioni kwa nini atetewe.

Lakini mara nyingi wanaomhukumu wako ufukweni, na kutoka ufukweni chombo kizito na nahodha mbaya hufanana. Tanga lililovutika hufanya tumbo kubwa. Kwa upepo wa nyuma linapendeza, ila kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, haliwezi. Deheni, mafuta yanayopakwa chini ya chombo, ikibanduka, mwani na makombe hushika chini. Mifuko 6 ya mchanga ya kilo 50 ni kilo 300, kadiri ya watu wanne. Ikilowa huongezeka uzito, na upepo ukipungua ni mzigo wa bure. Wengine huimwaga njiani, kisha upepo ukirudi mashua inalala.

Wanaofuatilia mbio za magari za Formula 1 wameliona jambo hili kwenye kiti cha dereva wa pili wa timu ya Red Bull. Pierre Gasly aliondolewa mwaka 2019 baada ya mbio 12; mwaka 2020, akiwa na timu ya AlphaTauri, akashinda mbio za Monza. Mwaka 2025 Liam Lawson alipewa mbio 2 tu, akaingia Yuki Tsunoda, naye msimu ulipokwisha akakipoteza kiti. Hata hivyo gari halikuwa bovu, maana Max Verstappen, dereva mwenzao, alikuwa akishinda nalo. Lilitaka mkono wa namna moja.

Vyombo vyetu navyo ndivyo vilivyo, na hapa ndipo mabaraza hukosea zaidi. Nahodha wa zamani akizoea kulaza mlingoti kwa namna yake na kupanga farumi kwa mkono wake, anayemrithi hurithi tabia hizo zote. Uzito ukizidi omoni, chombo hukimbilia kwenye upepo, kana huwa nzito, na usukani uliopinda muda wote ni kama breki ndani ya maji. Kusogeza mifuko miwili kuelekea tezi, yaani nyuma, ni kazi ya dakika chache. Ijaribiwe kabla ya kumfedhehesha mtu.

Kipimo cha haki kipo. Zitafutwe mashua mbili zinazokaribiana ukubwa, zing'oe nanga pamoja na kuzunguka maboya yale yale. Halafu manahodha wabadilishane, mabaharia wabaki na vyombo vyao, na mzunguko wa pili uanze mara moja. Mashua zote mbili ziende pamoja kila mara, maana ikitangulia moja, nyingine itakuta maji yamegeuka na kipimo kimeharibika. Kushindwa kukimfuata mtu, ni mtu. Kukibaki na chombo, lishushwe tanga lipelekwe kwa mshonaji. Mzunguko mmoja hautoshi, angalau siku mbili.

Na ikithibitika ni mtu, nisingemwondoa Desemba. Mabaharia wamezoea sauti yake. Kwa amri za mgeni wa wiki mbili, mmoja atalegeza demani kabla wenzake hawajashika foromali. Upepo wa kusi unapokuwa mkali na mashua iko pwani ikitiwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao, hapo pana miezi ya kumweka nahodha mpya, akaanza na mlingoti na farumi za kwake mwenyewe.