Mchungaji akisomea udaktari, usharika nao usome

Mchungaji aliye kazini akitaka kusomea udaktari wa misiolojia, yaani shahada ya juu kabisa ya elimu ya umisheni, mimi nasema aende. Najua wapo wazee wenzangu wanaoona huko ni kumpoteza. Atarudi na joho, mabango ya semina yataanza kumwita "Dokta", na haupiti muda atahamishiwa makao makuu ya dayosisi. Hofu hiyo ina msingi. Ila kumzuia hakusaidii kitu. Tumuulize tangu mwanzo utafiti wake unaanzia wapi, na ukikamilika unaishia mikononi mwa nani.

Elimu hii tangu zamani ni ya watu wa kazi. Donald McGavran, aliyeanzisha shule ya umisheni ya Fuller huko California mwaka 1965, alikuwa ametumika India zaidi ya miaka 30. Swali lililomsumbua lilitoka huko: kwa nini makanisa ya mahali fulani yanakua na ya jirani yamedumaa, ilhali injili ni ile ile? Alan Tippett, aliyefundisha naye, alitoka kwenye umisionari wa Fiji. Udaktari wa watumishi uliokua katika mkondo huo humwacha mtu na kazi yake. Anakutana na walimu na wanafunzi wenzake kwa majuma machache, kisha anarudi kuchunguza jambo linalomkabili pale pale anapotumika.

Na maswali hapa kwetu hayakosekani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu, na ya watoto wao. Mahakama ina kazi yake katika jambo lile, nasi tunayo yetu. Wengi wao walikuwa wameshasali kwenye makanisa mengine kabla ya kwenda kule, wakiimba na kutoa sadaka kama sisi. Walikosa nini? Semina ya siku mbili haiwezi kujibu hilo. Inahitaji mtumishi anayeaminika Pwani, akae na jamaa zao miaka kadhaa, asikilize kwa utaratibu, na awe na mwalimu wa kumkatalia anapokimbilia jibu rahisi.

Padre Vincent Donovan, Mmarekani aliyekuwa Loliondo, alimwandikia askofu wake mwaka 1966 kwamba shule ipo, hospitali ipo, Wamasai wanawapokea vizuri mapadre, lakini hakuna Mmasai mtu mzima anayeuishi Ukristo. Akaomba aende kwenye maboma kuzungumza nao habari za Mungu tu. Barua ya namna ile haiandikwi na mtu anayepita. Huandikwa na aliyekaa, akachoshwa na taarifa nzuri nzuri za kila mwaka. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977, naye aliandika juu ya Kanisa na ukoo kwa Wahaya akiwa Mhaya na mchungaji wao. Watafiti wa aina hiyo ndio ninaowatamani.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Nimekaa kwenye baraza la wazee muda wa kutosha kuwaona watafiti wakija na madodoso. Tunabakizwa baada ya ibada, tunajibu, tunapiga picha ya pamoja. Tasnifu ikishakamilika hatuioni. Na hata tungeiona, mama wa kwaya aliyesema mambo mazito kuliko sisi sote asingeweza kuisoma, maana ni ya Kiingereza.

Jambo hili lina historia. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekuja Kilimanjaro mwaka 1902, aliwasikiliza wazee wa Kichagga kwa subira ambayo wachache wamekuwa nayo, akajenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika. Kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926, kwa Kijerumani. Wajukuu wa wale waliomfundisha wanahitaji mtu wa kuwasomea maneno ya babu zao. Gutmann namwelewa, aliandika kwa lugha yake kwa watu wake. Mchungaji wetu wa leo, anayehubiri kwa Kiswahili, anayezika na kufungisha ndoa kwa Kiswahili, ana sababu gani?

Naambiwa mtahini wa nje hatakielewa. Basi mtahini ndiye atafutiwe tafsiri. Leo mzigo huo tumembebesha mama wa kwaya. Naambiwa pia kwamba Kiswahili hakifiki kiwango cha udaktari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapokea tasnifu za uzamivu wa Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiswahili, na wainjilisti wetu wamefundishwa teolojia kwa lugha hiyo katika vyuo vya Biblia kwa miongo mingi. Kama chuo bado hakiko tayari, mwanafunzi na aandike Kiingereza chake, lakini atoe na kitabu cha Kiswahili chenye matokeo yote, hata yale yanayotuaibisha wazee.

Dayosisi inayolipa ada iweke sharti moja kwenye barua ya ufadhili: kabla ya mahafali, mchungaji arudi kwenye kila usharika alikouliza maswali, asome alichokiona, na washarika wamhoji wapendavyo, wakiwemo vijana na wanawake ambao kwenye vikao vyetu hawapewi nafasi. Watakayoyapinga yaingie kwenye tasnifu kama sura yake. Maaskofu wanaolipa ada hizo ndio hao hao wanaokaa kwenye mabaraza ya vyuo vya makanisa yetu, kwa hiyo jambo hili linaweza kupitishwa katika kikao kijacho.