Nyumba Langoni, mshahara Dubai: nani mkaazi mbele ya KRA?

Kijana wa Lamu akipata kazi Dubai, kuna maneno mawili atakayoambiwa barazani kabla hajapanda boti ya Mokowe. La kwanza: ukishatoka umetoka, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, haikuhusu. La pili: wewe Mkenya, kila senti uipatayo duniani inadaiwa ushuru. Kila neno lina kipande cha ukweli, na kila moja limewatia watu hasarani.

Sheria ya Ushuru wa Mapato haianzi na uraia. Inauliza ulikuwa mkaazi wapi katika mwaka, Januari hadi Desemba. Ukiwa na makao ya kudumu Kenya, hata siku moja ya kuwapo nchini mwaka huo yatosha kukufanya mkaazi. Usipokuwa na makao, ndipo siku zinapohesabiwa: 183 au zaidi, hata zikiwa za vipande vipande, au uwe umekuwapo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka. Wengi hukimbilia kuhesabu mihuri ya pasipoti, ilhali swali la nyumba hutangulia.

Na swali hilo Lamu lina uzito wake. Kwa mila, baba humwandalia bintiye nyumba, au humjengea orofa juu ya nyumba yake, na mume akaingia humo. Kwa hati, mume hana kitu. Lakini kinachotazamwa si jina lililo kwenye hati, bali kama pana mahali unapokaa au ulipowekewa ukae, na wapi mambo yako ya kifamilia na ya kipato yamekaribiana zaidi. Mke na wana wako mtaa wa Langoni, mjini Lamu, chumba chako kipo, waja wiki mbili kila Maulidi: hoja kwamba huna makao ni ngumu kuitetea. Nyumba uliyompangisha mtu kwa mkataba, ambayo wewe mwenyewe huwezi kulala humo, ni habari nyingine. Kuimiliki tu hakuifanyi kuwa makao yako.

Basi kuna faida au hasara gani kuwa mkaazi? Tuchukue mshahara wa dirhamu 5,000 kwa mwezi, na dirhamu moja tuihesabu shilingi 35. Hizo ni 175,000. Mkaazi hutozwa ushuru wa mshahara hata wa kazi iliyofanywa nje. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, yaani asilimia 10 ya 24,000 za mwanzo, 25 ya 8,333 zifuatazo na 30 ya zilizobaki, ukitoa nafuu ya 2,400 anayopewa mkaazi, deni ni kama 44,880 kwa mwezi. Kwa mwaka inapita nusu milioni.

Upande wa pili ni kodi ya nyumba, yaani pango analolipa mpangaji. Tuseme ana nyumba Malindi inayoleta 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Mkaazi hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama, maana amevuka 288,000 kwa mwaka: shilingi 27,000. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote: 108,000, na ile nafuu ya kila mwezi hana. Anayekushauri udai ukaazi upate 7.5 amekuokolea 81,000 na kukufungulia deni la 538,000. Lakini kwa mwanafunzi aliye nje bila mshahara, mwenye nyumba kama hiyo, ukaazi ni nafuu ya kweli.

Aliyeko Uingereza hesabu yake ni tofauti, kwa kuwa kule ushuru hukatwa. Raia wa Kenya aliyetozwa nje kwa ajira yake huruhusiwa kuupunguza ushuru huo kwenye deni la hapa. Kasoro ni mbili. Mwaka wa ushuru wa Uingereza huisha tarehe 5 Aprili, kwa hivyo karatasi ya P60, ile ya mwajiri yenye jumla ya mshahara na ushuru wa mwaka, pekee hailingani na mwaka wetu; weka karatasi za mshahara za kila mwezi. Pia kiwango cha hapa kikizidi cha kule, tofauti hubaki deni. Dubai mshahara hautozwi ushuru, basi hakuna cha kupunguza, na kwa hivyo sheria humbana zaidi mlinzi wa Dubai kuliko daktari wa London. Naona hilo ni dhuluma, na siku moja kuwa kipimo ni kukaza mno. Hata hivyo, wanaoitetea wana neno: aila yake yatumia shule na hospitali za hapa.

Ila dhuluma ya sheria haitibiwi kwa ritani ya sufuri, yaani fomu ya kutangaza kwamba hukupata kitu. Ukiijaza kama mkaazi ilhali una mshahara, umetia saini tamko la uongo, na kwa uongo wa makusudi ile kinga ya kutofufuliwa hesabu zilizopita miaka mitano huondoka. Benki nazo humuuliza mteja yu mkaazi kiushuru wa nchi gani, na nchi nyingi hupeana taarifa hizo. Kama kweli huna makao hapa, jaza fomu ya asiye mkaazi kwenye iTax, tovuti ya KRA, kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, na uhifadhi mkataba wa kazi, kibali cha kuishi na nakala za mihuri. Ukichelewa, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, lolote lililo kubwa.

Fedha unazowatumia wazazi kwa matumizi si mapato yao, wala hazitozwi. Na kama nyumba ya kupangisha ni ya mke kwa hati, kodi ni yake: na aijaze kwa pin yake mwenyewe, yaani nambari yake ya ushuru, kufikia tarehe 20 ya kila mwezi unaofuata, kwa asilimia 7.5 ikiwa yeye ni mkaazi na kodi imevuka 288,000 kwa mwaka, mume awe mkaazi au asiwe. Kuipa nyumba jina la mke kwa mdomo tu hakutoshi.